Watu Watatu kwa Siku

Nyakahura, Biharamulo
12 Januari 2025

Kwako Shangazi yangu mpendwa, Bi. Restituta,

Ninakuandikia kukuomba uanze kuandika, kila siku, mambo matatu unayoyashukuru. Ninajua ulitulea katika kutanguliza salamu, kwa hiyo ninaomba radhi kwamba sababu imetangulia. Chuoni tulifundishwa kuwa barua ya kikazi hufunguliwa kwa kusudi lake. Sasa basi: shikamoo, Shangazi. Ninatumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba migomba ya nyuma ya nyumba imepona ule ugonjwa wa majani. Baba yuko salama Kahama na anakusalimu. Mimi ni mzima, na kazi zinakwenda vizuri sana.

Teddy, ambaye huja gulioni hapa Nyakahura kununua maharage, amekubali kuzibeba barua zetu kwa kuwa masikio yako hayaisikii tena simu. Ameniambia mambo mawili ambayo wewe hukuniambia: kwamba presha yako imepanda, na kwamba tangu tulipompoteza mumeo, Mzee Bukuru, mwaka jana, hupati usingizi. Nimesikitika sana kwamba majukumu yaliniruhusu kufika mazishini kwa siku moja tu.

Kama unavyofahamu, mimi ni mratibu wa afya ya jamii katika kituo kimoja hapa. Nimebuni mpango ninaouita Daftari la Shukrani. Tafiti tulizozisoma zinaonyesha kwamba mtu anayejizoeza kuyaona mema yaliyomfikia, na kutarajia mengine, hulala vizuri zaidi na moyo wake hutulia. Mpango wangu una washiriki kumi na tisa. Ningependa wewe uwe wa ishirini. Ninaambatanisha daftari lenye jalada gumu. Kila jioni andika mambo matatu na tarehe. Kila unapokwenda zahanati, andika pia kipimo cha presha. Dawa usiache hata siku moja. Daftari halichukui nafasi ya kidonge.

Mwezi Juni nitawasilisha matokeo Biharamulo mjini mbele ya watu wazito. Nina imani kwamba utanitia moyo, kama ulivyofanya siku zote.

Mtoto wako mtiifu,
Danstan Leonidasi
(Shahada ya Maendeleo ya Jamii)


Nyamiaga, Ngara
2 Februari 2025

Danstan mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Sisi hatujambo. Nikisema sisi, ni mimi na kuku. Migomba imepona nusu. Kahawa ya mwaka huu imechanua vizuri, ila Bukuru ndiye aliyejua kuikatia matawi. Mimi ninaikata kama ninayenyoa mtoto anayelia.

Dada yako Happyness alipiga simu toka Mwanza wakati wa Krismasi. Niliona mdomo wa jirani yetu Ndikuriyo ukinitafsiria, nikacheka pale alipocheka yeye. Sikujua tulikuwa tunacheka nini.

Daftari nimelipokea. Ni zuri mno kwa mwandiko wangu. Nimeanza, na ninakunakilia ukurasa mmoja uone kama nimepatia:

"Tarehe 20. Ndikuriyo, kwa kurudisha bati lililong'olewa na upepo. Nesi Jovitha, kwa kunipima akiwa ameinama ili nione mdomo wake. Mtoto wa Ntakirutimana, kwa kunipigia magoti njiani wakati wenzake walinipita."

Uliniambia mambo matatu, lakini mimi nimeandika watu watatu. Jambo halijileti lenyewe, lina aliyelileta. Presha ilikuwa 160 kwa 95.

Nina swali moja la kuuliza, usinicheke. Mtu akishaandikwa humu, kinachofuata ni nini?

Shangazi yako,
Restituta


Nyakahura
9 Machi 2025

Kwako Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninatumaini hujambo, na kuku nao hawajambo. Hapa mvua zimeanza na njia ya kuelekea kituoni imekuwa ya kuvua viatu. Nimepanga chumba kwa mzee mmoja mfugaji aitwaye Malongo, ambaye familia yake ilihamia huku ikitokea Shinyanga na ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mkewe, Mama Kwandu, huniwekea kibuyu cha maziwa mlangoni kila asubuhi bila mimi kuomba. Nimemwandika katika daftari langu mara kumi na moja, kwani nami pia ni mshiriki.

Ukurasa wako ni mzuri kupita kiasi. Niliusoma katika kikao cha kata, bila kutaja jina lako, na wajumbe walipiga makofi. Ofisa mmoja aliniomba nakala. Ushauri wangu mdogo wa kitaalamu ni kwamba si lazima kila shukrani iwe ya mtu. Waweza kushukuru jua la asubuhi, pumzi, au ladha ya chai. Muhimu ni idadi kutimia na moyo kuelekea kwenye mema.

Ninaomba daftari la miezi mitatu, pamoja na vipimo, linifikie mwanzoni mwa Mei. Ninasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kuja Pasaka. Shughuli za ofisi ni nyingi mno.

Mtoto wako mtiifu,
Danstan Leonidasi


Nyamiaga
27 Aprili 2025

Danstan,

Marahaba. Barua yako ya Machi imenifikia juzi. Teddy hakutoka wiki nyingi kwa sababu ya mvua, na alipotoka alikuja na bahasha imelowa pembeni. Pasaka nilikula na Ndikuriyo na wajukuu zake. Ndizi zilikuwa nzuri.

Daftari silileti kwanza, maana bado ninalitumia. Nimejaribu kushukuru jua. Nililishukuru siku mbili nikaona aibu, kwa sababu jua halijui nyumba yangu na mimi siwezi kwenda kwake.

Presha ni 170 kwa 100. Dawa ninameza. Chumvi nimepunguza. Usingizi hauji.

Umeniandikia kuhusu Mama Kwandu na maziwa yake. Kibuyu chake unakirudisha kikiwa na nini ndani?

Restituta


Nyakahura
11 Mei 2025

Kwako Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenitia wasiwasi mkubwa. Baba anakusalimu, alipata homa, ameshapona.

Nitakwenda moja kwa moja kwenye hoja. Washiriki kumi na tisa wa mpango huu wana nafuu au wamebaki walipokuwa. Ni wewe peke yako, mshiriki wa ishirini, ambaye kipimo chake kimepanda. Ninakusihi urudi kwa nesi Jovitha haraka akuangalie, na umweleze kwamba hulali.

Nina ombi jingine, ambalo naliandika kwa unyenyekevu. Huenda kipimo kile kilichukuliwa ukiwa umechoka kwa kutembea. Ingewezekana ukapimwa tena ukiwa umepumzika vya kutosha, tukaandika kile? Jedwali langu limekaa vizuri, isipokuwa mstari wako. Tena, wewe ndiye niliyekutaja katika kila kikao.

Vilevile sijaelewa maneno yako kuhusu jua. Kwenda kwake kufanya nini?

Kuhusu kibuyu, ninakisuuza vizuri na kukirudisha kikiwa safi.

Mtoto wako mtiifu,
Danstan


Nyamiaga
15 Juni 2025

Danstan mwanangu,

Marahaba. Kahawa imeiva, na Ndikuriyo na vijana wake wananichumia. Mwambie baba yako Leonidasi asiende shambani na homa. Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo, akiugua anajificha kwenye kazi.

Nimekwenda kwa Jovitha kama ulivyoomba. Nimekaa kwenye benchi nusu saa, nimepumzika, nimepimwa. Ni 170 kwa 100. Jedwali lako nalipa pole.

Umeuliza kwenda kwake kufanya nini. Ninaona shule ndefu imekupitisha mbali na mambo ya nyumbani, na pengine kosa ni letu tulioharakisha kukupeleka. Nitakueleza kama ninavyomweleza mtoto.

Babu yako alipopewa mtamba wake wa kwanza, hakusema asante pale zizini. Aliswaga mnyama hadi nyumbani. Kisha bibi yako akapika pombe ya ndizi, wakaibeba na majirani wawili, wakaenda nyumbani kwa yule mzee. Wakakaa. Wakala alichokuwa nacho. Babu yako akasimama mbele ya watu akasema alichopewa na nani aliyempa. Hapo ndipo shukrani ilipofika. Kabla ya hapo alikuwa anatembea nayo mwilini. Mama alikuwa akisema kwamba siku zile hata kula alikuwa hali vizuri.

Sasa wewe umeniletea daftari, ukaniambia nishukuru watatu kila siku. Mimi nikaona mtoto wangu ana elimu, anajua anachosema. Nikawaandika. Na kwa kuwa hukunijibu kinachofuata, nikafuata ninachokijua: nikaanza kuwaendea.

Nilianza na Ndikuriyo, yuko karibu. Nilifika na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi niliyoipika mwenyewe, nikasimama mlangoni kwake. Akaniangalia akauliza, "Restituta, kwani nani amekufa?" Kumbe tangu matanga ya Bukuru sikuwa nimeingia nyumba ya mtu yeyote. Tulicheka hadi mkewe akamwaga uji. Siku ile nililala kama jiwe. Vilevile siku niliyokwenda kwa akina Ntakirutimana kumshukuru yule mtoto. Mama yake aliona fahari akamvalisha shati la kanisani ili anisikilize.

Kwa hiyo usifikiri daftari lako ni baya. Kabla yake nilikuwa ninaona siku zangu zote ni tupu. Nilipoanza kuandika niliona kwamba hazikuwa tupu, kulikuwa na watu ndani yake. Lakini wanaandikwa watatu na miguu yangu haifiki hata kwa mmoja kwa siku. Wanarundikana. Ninalala ninawaona wamepanga foleni nje, nami ndani sina hata pombe.

Mwezi wa tatu nilimwandika Bukuru, kwa ile miparachichi aliyoipanda akijua kabisa hatakula matunda yake. Nilimpelekea kikombe chake kule juu alikolala, nikakaa naye. Mvua ilinikuta hukohuko. Baadaye, mwezi wa tano, nilikuwa naelekea kwa bibi mmoja ng'ambo ya mto, nikateleza na kibuyu. Goti limevimba. Wanaume wanne walinibeba hadi nyumbani, na usiniulize, nao wakaingia daftarini.

Nililigeuza daftari nikaanza upande wa nyuma. Nikapiga mstari, niandike na wale wanaokuja kwangu kunishukuru. Ukurasa ule ungali mweupe. Usiuweke kwenye ripoti.

Nenda salama Biharamulo. Vaa lile koti la mahafali, linakupendeza katika picha.

Shangazi yako,
Restituta


Nyakahura
6 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Nimeanza barua hii mara nne, na kila mara niliianza kwa maneno ya ofisini. Nimeyafuta.

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya kikao cha Biharamulo. Nilikwenda nayo mfukoni. Katika jedwali nilikuwa tayari nimeandika kwamba mshiriki wa ishirini "hakukamilisha". Nilisimama na koti lile la mahafali, nikaeleza faida za kutazama mema, nikaonyesha namba, watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo mwenyekiti wa kikao, Bi. Diana, mama mmoja mpole mwenye kunong'ona, akauliza huyo wa ishirini alipatwa na nini. Sikuweza kusema uongo mbele ya barua yako. Nilieleza yote: vibuyu, foleni ya watu nje ya mlango, mto, goti. Bi. Diana akavua miwani.

"Na wewe, bwana mratibu," akasema, "mara ya mwisho umekwenda lini kwa huyo shangazi yako?"

Nilikunja karatasi zangu nikakaa, Shangazi.

Kazi ya mkataba niliyoitarajia sikupewa. Wameniagiza niuandike upya mpango wangu, na jibu bado. Tena lazima nikwambie jambo jingine: mimi si mratibu. Ninajitolea. Mwaka wa pili huu sina mshahara. Ninaishi kwa kuwafundisha watoto wa Malongo jioni, na kwa maziwa yale. Nilijipa cheo ili wewe uone kwamba Gaju hakuondoka zizini bure.

Nimemtaja, basi niendelee. Ulikuwa na mtamba mmoja tu, Gaju, naye aliondoka ili mimi niende chuo. Niliposhika cheti nilikutumia ujumbe wa simu: "Asante sana Shangazi, Mungu akubariki." Wewe uliyekuwa husikii tena, wala huoni herufi ndogo. Ninajua ni Ndikuriyo aliyekusomea. Kisha nikajiambia nitakuja siku nitakapokuwa na kitu mkononi. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, nikawa ninakuja kila siku kesho. Ule ukurasa wa nyuma wa daftari ninajua kwa nini ni mweupe. Wewe hukusema, na katika barua zote hizi hukusema.

Jumapili iliyopita niliamua kujifunza upya, nikaanza na kibuyu. Nilinunua karanga gulioni, nikakijaza, nikavuka uwanja hadi kwa Mama Kwandu. Ni hatua ishirini na tano, na zilinishinda mwaka mzima. Alikitikisa, akakisikia kinalia, akamwita mumewe.

"Malongo, njoo uone," akasema. "Huyu daktari wa madaftari amekuja na miguu yake."

Malongo akatoka zizini, akanizunguka kama anayekagua dume la mnadani. Akasema walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kwetu Ngara watu huzaliwa bila magoti, ndiyo maana hatuketi kwa majirani. Nikaambiwa nikae. Nilikaa hadi ng'ombe waliporudi. Nilisema mbele ya watoto wao wote kwamba nimekunywa maziwa ya nyumba hii, na nani aliyenipa. Sauti yangu ilitetemeka, nikashangaa, kwani mikutanoni haitetemeki. Siku ile nililala bila kuwaza kesho yangu. Sikuwa nimejua, Shangazi, kwamba nami nilikuwa silali. Nilizoea tu kukuandikia kuhusu usingizi wako.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya. Usiandike tena watatu. Andika mmoja, yule unayeweza kumfikia, na wengine watusubiri. Goti lako lisitoke nje ya ua hadi nije. Nimeomba ruhusa ya siku tisa. Mama Kwandu atanipa kibuyu cha maziwa mgando, na Teddy ameahidi dumu la rubisi kutoka kwa dada yake. Sitakuja na kitu kingine, kwa sababu sina. Tafadhali mwombe Ndikuriyo na nesi Jovitha wawepo, kwani umenifundisha kwamba husemwa mbele ya watu. Nikishasema langu, siku zitakazobaki tutakwenda kwa wale walio daftarini, polepole. Pombe nitabeba mimi, na wewe utaniegemea.

Nitafika Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa nne asubuhi.

Danstan


Nyamiaga
13 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Teddy anasubiri mlangoni na gari lake linaunguruma, anasema. Mimi ninaona tu moshi. Nitaandika kwa kifupi.

Kwamba hulipwi nilijua tangu Februari. Teddy hubeba zaidi ya barua. Nilikuwa ninakungoja uniambie mwenyewe, na nilikuwa tayari kungoja zaidi.

Presha juzi ilikuwa 150 kwa 92. Jovitha alipima mara mbili, hakuamini. Nilimwambia kuna mgeni anakuja, akasema hicho si kidonge, niendelee na vidonge. Ninaendelea.

Kitanda chako nimekianika juani. Shuka ni lile la mistari. Jana nilifungua daftari upande wa nyuma nikaandika tarehe. Jina sijaandika, maana mtu haandikwi kabla hajafika.

Ila saa nne hapana. Saa nne watu wote wako kwenye kahawa, utasimama useme mbele ya kuku. Nimewaambia Ndikuriyo na mkewe, Jovitha, akina Ntakirutimana, na wale wanaume wanne walionibeba. Wote wamekubali. Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa nane mchana.

Restituta